Nyumba Mbili Zinazogombea Mgeni

Nabonyeza Tab, kitufe cha kuhamia kisanduku kinachofuata kwenye fomu, sauti ya kompyuta inayosoma skrini inataja jina, nabonyeza tena, umri, tena, simu, na hapo inakwama, simu, kijiji, simu, kijiji, bila kituo. Nafumba macho nijaribu kama atakavyofanya Nyamizi, ambaye haoni, na ambaye kesho asubuhi anaanza kuandikisha wagonjwa zahanati kwa programu hii ninayoitengeneza. Ikimkwamia, mganga mfawidhi amesema wazi, nafasi atampa mwingine. Nabonyeza nimefumba, mvua ya mchana inagonga bati, na kidole kinazama kwenye kitufe, kisha mkono, kisha mimi mzima, na nimesimama mtaani.

Mtaa hauna mwisho, nyumba zote zinafanana, na katika zote ni moja tu yenye taa. Taa inahama, na inapowaka ndipo waliomo wanasikia. Kwingine utaita mpaka koo likauke. Mtu asiye na uso anatembea kando yangu. Namuuliza, taa hii ya nani? Ya yule anayeandika, anajibu, ila mtaa ni wako. Mbele yetu Nyamizi anapiga hodi nyumba ya Simu. Karibu, na taa inawaka. Anaaga, anavuka kwenda nyumba ya Kijiji, hodi, karibu, na kabla hajaketi nyumba ya Simu inamkamata gauni kwa nyuma: we dada, umeondoka hujatuachia namba! Anavutwa, na nyumba ya Kijiji inafoka: ala, ametoka kwetu hajasema kwao ni wapi, mrudisheni! Anakwenda na kurudi, na taa inakwenda na kurudi pamoja naye, na mtaa unajikunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Kaka, ananiita, mgonjwa huyu simu hana, na kijiji nitakisema nikikaa, kwani hawa wamekula nini leo? Anacheka, lakini pumzi inamwishia, na foleni ya wagonjwa nyuma yake inazidi kurefuka. Kosa liko wapi, namuuliza asiye na uso. Mgeni huulizwa lini? anasema. Akiwa amekaa, najibu. Na wewe umewafundisha kumuuliza lini? Nimewafundisha kumuuliza akishaaga, mguu mmoja ukiwa tayari kwa jirani. Taa inaporudi nyumba ya Simu nawahi kuingia: asiye na namba mwacheni apite, maswali yaliyobaki tutamuuliza mwisho, kabla ya kuhifadhi. Haya, wanasema, si ungesema mapema. Nakimbilia nyumba ya Kijiji, lakini taa imeshahama, nagonga, nagonga, naongea na ukuta.

Kaka, umelalia kibodi. Ni Nyamizi, mkono wake uko begani kwangu. Kwenye skrini agizo la kumrudisha mtu kwenye simu limefutwa, na sikumbuki kulifuta. Anakaa, anajaribu. Simu inamwachia. Kijiji kinamng'ang'ania. Basi sasa mkorofi amebaki mmoja, anasema. Namwambia macho yangu yamechoka, nikigusa sasa nitaharibu hata palipo pazima, nitamaliza kesho alfajiri kabla hajafika kazini. Sawa, tutaonana, yaani wewe utaniona, anacheka, lakini vidole vyake vinachelewa kuondoka kwenye meza. Anatoka. Nasikia hatua zake zikishuka ngazi, moja baada ya nyingine, zikishuka, zikishuka, na jengo letu halina ngazi.