Kisunzi cha Mwamvua

Kwa ngoma ya lelemama, mtaa mzima wa Ngamiani ulimjua Mwamvua binti Miraji. Akipanda benchi na wenzake, mabega yakaanza kwenda taratibu, hata watoto waliacha kulia. Basi asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na tano, mafua yamemtoka juzi tu, aliinua kichwa kitandani na chumba kizima kikazunguka. Boriti zikapita, mlango ukapita, boriti tena. Akang'ang'ania kitanda, akatapika.

"Mselem! Nishike, naanguka!"

"Unaanguka wapi, mke wangu, nawe umelala?"

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikwisha kukata shauri: pepo. Shoga yake Asmahani alikwisha kutaja mganga wa Moa na rangi ya kuku atakayetakiwa. Mselem hakubishana na mtu. Alikuwa mwashi, alimlaza mkewe kwenye rikwama lake la kuchukulia mawe, akalisukuma hadi hospitali, Mwamvua amejifunika kanga usoni kwa haya.

Daktari alimtazama macho, akamchungulia masikio, akasema ugonjwa umeingia ndani kabisa ya sikio, panapompa mtu habari za kusimama kwake. Akampa vidonge vya kutuliza kisunzi na matapishi, vya siku chache tu. Matapishi yalikoma, lakini Mwamvua alikuwa bado akitembea kwa kupapasa kuta, na aliporudi hospitali alikabidhiwa kwa nesi mmoja wa Kibondei, Benedikta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ila usinisimamishe, mwanangu."

"Nitakusimamisha," Benedikta akacheka. Akamweleza Mselem kwa lugha ya uashi: "Kila sikio lina timazi lake la kupimia wima. La kushoto limeharibika, ubongo unaletewa habari mbili zisizopatana. Tunaufundisha upya."

Mafunzo yenyewe yalikuwa kukazia macho kitu kimoja huku akigeuza shingo, kuinuka na kukaa, kurusha ndimu mkono huu hadi huu. Mwamvua alijaribu nyumbani, na dunia ikazunguka tena. Akaketi chini akilia.

"Nipe vile vidonge!"

"Nesi amesema vimemaliza kazi yao," Mselem alimbembeleza. "Ukitulia tuli, ubongo haujifunzi. Hicho kisunzi kidogo ndicho kinachoufunza."

Akafuta machozi, akaanza tena kwa hasira. Alikuwa ukumbini, macho kwenye kizingiti cha mlango, shingo kushoto, shingo kulia, Asmahani alipoingia kumjulia hali. Asmahani akarudi nyuma. "Astaghfirullahi! Kimepanda!" Akaanza kusoma kila aya aliyoijua.

Mwamvua aliangua kicheko, kicheko chake cha kwanza tangu augue. "Hakuna kilichopanda, shoga. Ni dawa hii."

Asmahani akamtazama vizuri. "Dawa gani, nawe unacheza lelemama bila ngoma?" Akachukua sinia jikoni, akalipiga polepole. Shingo ya Mwamvua ikalifuata. Kwa mara ya kwanza mwili ulijua unakokwenda.

Kuanzia hapo kila baada ya alasiri wenzake wa ngoma walijaa uani. Waliinuka pamoja, wakakaa pamoja, wakarushiana ndimu hadi zikaingia kisimani, Mselem akizifukuza na kulalamika kwamba hata ndimu ya chachandu hana tena. Kuta Mwamvua hakuzipapasa tena. Benedikta alipopita siku moja kumtazama, alikuta wanawake tele wamefumba macho, wanatembea kwa kufuatana, wanaimba.

Alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Jamani, mgonjwa ni yupi?"

Wote wakaangua kicheko.

Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, palikuwa na harusi Chumbageni. Mwamvua alipanda benchi katikati ya wenzake. Mwanzoni alipepesuka, Asmahani akamsogezea bega bila kukatisha wimbo. Sinia likaanza kulia, mabega yakaitika, na vigelegele vikajaa mtaa. Benedikta naye alikuwepo, amealikwa, kanga mpya ikimpwaya. Mwamvua akamnyooshea mkono kutoka juu.

"Panda, mwanangu. Leo zamu yangu kukusimamisha."