Mzee Yupi?

Kila tarehe kumi na sita Januari, Papa Nzabandora wa Mushaki huwasha redio kwa sauti ya juu ili bintiye Emérita apate kumlilia vizuri Rais aliyeuawa. Emérita huja kutoka mbali, kwa pikipiki na kwa miguu, risasi zikimruhusu. Huketi mbele ya redio ile na kujifuta macho makavu, maana hajawahi kumlilia Rais hata tone moja maishani mwake.

Baba alikuwa amemkataza kuolewa na Damien, mtu wa Buleusa, kule Walikale; akaolewa naye hata hivyo. "Usikanyage hapa mpaka siku nitakufa!" akaapa. Mtoto wa nyoka ni nyoka: Emérita alitii neno kwa neno, miaka sita.

Januari ya 2001, Gustave, mchuuzi wa maharage, alipita Buleusa akitokea Mushaki. "Mzee alisha kufa, hamukusikia?" akasema, akaendelea na safari. Rais alikuwa ameuawa siku hizo, na nchi nzima ilimwita Mzee, lakini kwao Emérita, Mzee alikuwa mmoja tu: baba yake. Hakuuliza yupi. Alijifunga kitenge kiunoni akatembea siku nne. Kila aliyemuuliza njiani, yeye alimjibu, "Mzee amekufa," naye akaambiwa, "Pole mama, tumefiwa sisi wote." Akashangaa, na Mungu amsamehe, akajivuna kidogo, kwamba baba yake mkulima alijulikana hivyo.

Alianza kuomboleza tangu barabarani. Alipofika uani akamkuta marehemu amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage.

"Unalilia nani?" baba akauliza.

Aibu ikamshika. "President, Papa."

Siku hizo Mushaki ilikuwa mikononi mwa waasi waliompiga vita Rais huyohuyo. Baba alimvutia ndani haraka, akafunga mlango. "Lia polepole," akamwambia, akamkumbatia.

Tangu hapo mzee huwajigambia wajukuu: "Emérita hakungojea nife. Alinikuta muzima." Kila akisema hivyo, Emérita huchomwa moyoni. Kama si habari ya kifo, asingekuja.

Mwaka huu baba hawezi tena kuinuka kitandani. Pumzi yake ni fupi, na kila mtu pale nyumbani anajua kinachokuja. Emérita anampenda kuliko anavyoweza kusema. Hataki baba aende kaburini na uongo aliomwambia, na anaogopa kumvunja moyo siku za mwisho.

"Washa redio," baba akasema. "Leo njo siku ya President yako."

"Papa, siku ile sikukuwa nalilia President. Walisema Mzee amekufa, nikazani ni weye. Nilikuya kukuzika."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulikuwa unaita 'Papa wee, Papa wee' tangu ku barabara. Nani anaita President 'papa'?" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Emérita akamwinua kichwa, akamnywesha maji.

"Sasa juu ya nini ulinyamaza miaka yote hii?"

Baba alimshika mkono kwanza. "Kilio ya mukulima inaishaka siku chache, na kila muntu anarudia kwake. Ya President inarudiaka kila mwaka."

Emérita akalia, na safari hii hakumsingizia mtu.