Mshale Alioukubali Anselim

Kwenye kambi ya uwindaji waliandika watu kazi kwa sharti moja: asiwepo hata mmoja anayetoka nyumba ya majangili. Anselim alipoulizwa baba yake nani, alijibu mkulima wa mpunga wa Idete, basi. Baba huyo, mzee Salvatory, alilima mpunga kweli, lakini watu walimjua kwa upinde aliowindia porini humo bila kibali, na upinde huohuo ulimfunga miaka mitano. Alitoka gerezani kifua kimekwisha, akazikwa masika yaliyofuata. Sasa wageni wanapanda ndege kuja kuwinda kwa upinde palepale, wana kibali chenye mhuri, na chai wanachemshiwa. Jamani, dunia hii! Lakini Anselim alikuwa na watoto wanne, na kazi ya kufuata nyayo ndiyo iliyowalisha. Akafyata mkia.

Asubuhi moja mgeni akatandaza mishale yake mezani. Kesho yake alitaka palahala dume, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Justin, msimamizi wa kambi, akatafsiri: mgeni anauliza wafuata nyayo wanaonaje, atumie ipi? Ilikuwepo mizito, yenye vyembe, yaani vile vichwa vya mbele, vyembamba vya bapa moja la chuma, haina mbwembwe. Ilikuwepo na myepesi, yenye vyembe vya kukunja. Makali yake yanalala, yanachanuka mshale ukigonga nyama. Mgeni aliipenda hii myepesi. Alikuwa ameiona kwenye simu ikiangusha swala mdogo.

Anselim akaokota mmoja wa ile myepesi, na bila kujijua akaulaza juu ya kidole kuupima, kama baba yake alivyomfundisha. Ukainama kwa nyuma. Kichwani hamna uzito! Ukigonga bega la palahala, nguvu yote itaishia kuchanua yale makali, mshale utagota kwenye mfupa, na mnyama ataondoka na hasira zake. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Justin akacheka. "Wee Anselim, nani kakufundisha kupima mishale?"

Jasho likamtoka. Ng'ambo ya meza alisimama Alfonsi, mfuata nyayo mkuu, akimkazia macho.

"Nachezea tu, bosi. Mishale naijulia wapi mimi? Huu mzuri." Akaitikia kwa kichwa, na mgeni akampigapiga begani kwa furaha.

Kesho yake mshale ukampata palahala begani, akatokomea kichakani. Damu ilikuwa matone tu. Mgeni aliapa kwamba kaua. Alfonsi akatangulia kuingia, na Anselim akafungua kinywa amwambie angoje, lakini Justin alikuwa nyuma yake. Akakifunga. Haikupita dakika, kichaka kikapasuka, pembe zikamwingia Alfonsi pajani. Bunduki ya Justin ikalia mara mbili, imechelewa. Walipomchunguza mnyama, mshale ulikuwa umezama vidole vitatu tu, makali yamepinda kwenye mfupa.

Mguu wa Alfonsi ulikatwa hospitalini Ifakara. Juma la pili Anselim akaenda kumwona na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, baba Dativa," akamwamkia Alfonsi pale kitandani.

"Marahaba, mtoto wa Salvatory."

Anselim akatazama mlangoni upesi. Hakuna aliyesikia.

"Tangu siku uliyoandikwa nilikujua," Alfonsi akasema. "Sura yote ya baba yako. Justin aliniuliza habari zako, nikamwambia hawa nawajua, ni wakulima."

"Pole sana, baba. Mimi..."

"Ngoja. Ule mshale nilikuona unaupima. Mimi nyayo nazijua, upinde siujui. Nikasema moyoni, huyu kalelewa na Salvatory, akiukataa na mimi nakataa, hata wanifukuze. Mgeni sikumtazama kabisa, nilikutazama wewe. Ukakubali. Ndiyo maana niliingia mle kichakani natembea tu, kama naingia shambani kwangu."

Anselim alitaka kulia, machozi yakagoma. Hata machungwa akashindwa kuyaweka chini.

"Nasikia kazi yangu wamekupa wewe," Alfonsi akasema. "Ni kweli?"

Anselim akaitikia kwa kichwa, vilevile kama siku ile mezani. Alfonsi akajigeuza taratibu, akaelekea ukutani.