Jumamosi Saa Tisa

Tangu mkewe azikwe, fundi cherehani aliyeitwa Sindano alikuwa hana wa kumwachia Jumamosi. Mke alipokuwa hai, saa tisa ikifika alijifunga kitenge akaenda kusali jumuiya kwa niaba ya nyumba nzima, na mume akabaki dukani na pini mdomoni, maana Jumamosi ndiyo siku ya wateja kujaribu nguo. Kila mtu alishika zamu yake, nyumba ikaenda. Sasa Sindano alibaki na zamu zote mbili, na miguu ni ile ile miwili.

Mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa ofisini ambaye Jumamosi kazi yake ni kufungua na kukunja gazeti, hakuliona hilo. Aliona daftari la mahudhurio tu. Mzazi akikosa sala mara nne mfululizo, mtoto wake hapati kipaimara. Basi jina la binti wa Sindano likapigwa mstari mwekundu; binti aliyesoma katekisimu miaka miwili, mwaka wa kwanza akifundishwa na mama yake aliyekuwa hoi kitandani.

"Baba, nimekosa nini?" aliuliza.

"Hujakosa kitu. Umekosa mama, na daftari lao halina mahali pa kuandika hilo."

Jumamosi iliyofuata kanisa likaitisha semina: Mjasiriamali Mkristo na Familia Yake. Msemaji mkuu, nani tena, Mwenyekiti. Sindano akafunga duka, akakaa benchi la nyuma na bintiye. Mchungaji alikuwa mbele kabisa, akitikisa kichwa kukubali kila neno.

"Biashara isile familia, familia isile ibada," Mwenyekiti alisema. "Muda ugawe kama mkate."

Rahisi kusema, Sindano aliwaza, kwa mtu ambaye mkate humkuta mezani. Akanyanyua mkono.

"Mzee wangu, mimi shule sikufika mbali, nisaidie. Mteja amesimama mbele ya kioo, pini zimemjaa kama nungunungu, harusi ni kesho. Saa tisa imegonga. Nimwache hivyo hivyo?"

Watu wakacheka.

"Mungu kwanza, ndugu yangu. Mteja atasubiri."

"Haya. Na wale watoto thelathini na tisa waliokuja kwangu kupimwa kanzu za kipaimara, Jumamosi nne, saa tisa kamili, kundi baada ya kundi? Nani aliwatuma?"

Kicheko kikakatika. Wazazi wote walijua aliyepanga ile zamu.

"Ulisema saa hiyo inafaa, wazazi mko kwenye sala, watoto wasiwasumbue. Nimekaa nao mimi. Nimewapima mabega, nimewaamua wakipigana. Wewe ukafungua daftari ukaniandika mtoro. Umenituma kisimani, halafu unaniuliza kwa nini sikuwa jikoni."

"Utaratibu ni utaratibu, fundi. Hata mimi sikuutunga."

"Na ile kalamu nyekundu ilishikwa na nani?"

Bibi mmoja wa kwaya akamgeukia Mwenyekiti. "Jibu basi, baba. Si wewe msemaji?"

Mchungaji akaomba daftari. Akapitisha kidole kwenye zile Jumamosi nne, akalirudisha. "Jina la mtoto liandikwe upya," alisema, basi. Hakuna pole, hakuna aliyeambiwa amekosea. Wakubwa ndivyo walivyo: wakikukanyaga, husogeza mguu tu, na wewe unatarajiwa kushukuru.

Mwenyekiti aliandika polepole, kama anayeandika kwenye jiwe. "Lakini Jumamosi ijayo tukuone jumuiya."

"Jumamosi ijayo nashona kanzu ya mwanangu," Sindano alisema. "Za watoto wenu wote nimemaliza, yeye hata kupimwa bado. Mkitaka kusali nami, njooni dukani. Benchi lipo."

Akamshika binti mkono, wakatoka, somo la familia likiwa halijafika hata nusu.