Radhi Yangu Ilivyotoboa Injini

Nawaandikia kina mama wenzangu wenye watoto wanaojifunza ufundi. Mimi niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kukaanga na kubangua korosho hapa Masasi. Moto naujua. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwanangu Tahiri alikuwa anajifunza kwa Fundi Salmini, anayefunga turbo kwenye magari ya kawaida. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, kwa hiyo petroli nayo lazima ipangwe upya. Wanaipanga kwa laptopu, waya umechomekwa kwenye gari. Kila jioni Tahiri alikuwa ananieleza.

"Mama, unaanza na mafuta mengi. Halafu unapunguza kidogo, unaendesha, unasikiliza. Ikigonga kama kokoto kwenye kopo, toa mguu haraka."

Gari la kwanza kulipanga mwenyewe lilikuwa la kaka yangu Mrisho. Fundi alimwambia Tahiri aliache na mafuta mengi wiki nzima, asiguse kitu. Lilitoa moshi mweusi, sawa. Lakini siku moja Tahiri alikanyaga akaachia ghafla, nikaona ulimi wa moto umetoka kwenye bomba la nyuma. Nikaona gari litawaka. Na Jumamosi tulikuwa tunapanda nalo Newala, tufike Mnyambe kumtoa unyagoni mwali wa dada yetu.

"Punguza petroli," nikamwambia.

"Mama, ikipungua ndiyo injini inazidi kuchemka. Ile ya ziada inaipoza."

"Nani kakudanganya? Mimi nikitoa kuni, moto unalala."

"Injini si jiko, mama."

"Jiko hilo hilo ndilo lililokulea! Usipopunguza, safari hii sina radhi nayo. Na hiyo gereji vilevile."

Mtoto ukishamtajia radhi, umemfunga mikono. Ijumaa alifungua laptopu, akapunguza. Moshi ukaisha. Nikafurahi, nikamwambia, umeona?

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, Mrisho akiendesha. Tulipoanza kona za kupandia Newala, tukiwa watu watano na ndoo mbili za mchele, nikasikia kokoto kwenye kopo.

"Mjomba, toa mguu!" Tahiri akapiga kelele.

Mrisho akacheka. "Woga wa nini, mjomba? Mlima huu!" Akazidi kukanyaga. Ukasikika mlio mmoja, moshi ukatanda, gari likazima.

Lilivutwa mpaka gereji. Fundi akachomoa plagi, nyeupe kama chaki. Akafungua zaidi, akatuonyesha pistoni: ina tundu la kuingia kidole gumba.

"Nani alipunguza mafuta?"

"Mimi, fundi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Kiherehere changu tu."

Nami nilikuwa hapo hapo, nimekaa juu ya tairi kuukuu, natazama kandambili zangu. Fundi akamwambia avue ovaroli, aende.

Siku nne alikaa nyumbani akinisaidia kubangua korosho, wala hakunilaumu kwa neno moja. Bora angenifokea. Siku ya tano nikajifunga kanga, nikaenda gereji.

"Shikamoo, Mama Tahiri."

"Marahaba. Fundi, aliyepunguza mafuta ni mimi."

"Wewe unajua laptopu?"

"Sijui. Nilimtishia radhi."

Mafundi wakaangua kicheko. Hamudi, fundi wa breki, akasema, "Jamani, mleteeni mama ovaroli!" Salmini hakucheka.

"Mama, mngeweza kuporomoka pale kwenye kona. Mwambie arudi. Ila ataanza upya kuosha vyuma, na laptopu haigusi mpaka niseme mimi."

Akarudi. Sasa kila akishika spana wenzake wanamtania, "Umeaga kwa mama?" Hilo nalo nimemletea mimi. Jioni namwandalia chakula, namuuliza leo wamefundishwa nini. "Kazi tu, mama," ananijibu, anakula, anatoka.

Mwenzangu, mwanao akikueleza kazi yake, msikilize hata kama huelewi nusu. Ukiogopa, mwambie unaogopa. Ningesema hivyo, tungekwenda kwa basi yakaisha. Mimi niliogopa nikajifanya najua, na sasa sijui hata leo mwanangu yuko chini ya gari gani.