Mbwa wa Vyumba Viwili

Nilitaka mbwa mdogo, mkimya, asiyekula sana. Nilimweleza mume wangu hivyo kwenye simu, neno kwa neno, na bado hakuelewa.

Tunapanga vyumba viwili Rubwera, katika nyumba ndefu ya wapangaji watano, ua mmoja na jiko moja la nje. Mimi nafanya kazi halmashauri. Mume wangu Elpidius yuko Mwanza masomoni. Binti yetu Vero hutoka shule saa tisa, mimi kazini saa kumi na moja. Tangu baba yake aondoke, Vero haingii ndani peke yake. Anakaa duka la jirani mpaka nirudi. Nimemkaripia, nimembembeleza, haingii. Akasema angekuwepo mbwa angeingia. Sawa, mbwa.

Mwenye nyumba, Mama Karekezi, anaishi chumba cha mwisho. Alikubali kwa sharti. "Mdogo. Akinisumbua mnatoka wote, yeye na ninyi." Nyumba iliyo karibu na ofisi na shule huipati kirahisi, kwa hiyo nilimsikiliza vizuri.

Elpidius akaanza kutuma picha. Kambwa keupe kenye nywele mpaka machoni. Kengine kana masikio ya popo. "Huyu anafaa kwa apatimenti," aliandika.

Nikampigia. "Baba Vero, apatimenti iko wapi?"

"Si hapo kwetu? Watu wengi, nafasi ndogo. Wataalamu wanasema uangalie aina kwanza."

"Na huyo mwenye masikio anauzwa wapi, gulio la Kaisho?"

"Wewe kila kitu unakataa. Basi namwambia mama."

Ijumaa shemeji yangu Edgar akafika kwa bodaboda, mbwa kafungwa kwenye gunia, kichwa nje. Mwekundu, mbavu zinahesabika, mkia juu.

"Mama amekupa aliye bora kuliko wote," Edgar alisema. "Anaitwa Polisi. Ngedere hawasogei shambani kwa ajili yake."

"Nilisema mkimya."

"Shemeji, mama angekupaje mbwa mkimya? Ungesema hakupendi."

Polisi alikuwa amefundishwa jambo moja tu huko Kaisho kwa mama mkwe: mkungu ukishakatwa, asiuguse mtu ambaye hakuukata. Na kwetu ndizi za wapangaji wote huegemezwa ukuta mmoja, kando ya jiko. Polisi akautazama ukuta ule, akaona kazi. Jioni wanawake walipotoka na visu kumenya, walimkuta amesimama mbele ya mikungu, meno nje. Hakumng'ata mtu. Hakuruhusu tu. Hata mimi alinizuia, maana mkungu wetu niliununua sokoni. Vero alimtazama mara moja, akarudi dukani.

Jirani yangu Sperancia alisimama na sufuria tupu. "Mama Vero, hebu muulize afande kama leo naweza kupika."

Siku hiyo tulikula wali. Kesho yake Mama Karekezi alinijia, kisu mkononi. "Nyumba nimejenga mimi. Ndizi nimelima mimi. Leo naomba ruhusa kwa mbwa? Jumatatu nikimkuta hapa, vitu vyenu nitavitoa nje."

Nilimpigia Elpidius.

"Mvumilie," alisema. "Atazoea."

"Atazoea tukiwa tumelala stendi."

Jumapili nikampandisha Polisi bodaboda kwenda Kaisho. Mama mkwe wangu, Eustadia, alikuwa barazani akipukuchua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umerudi naye? Ana kosa gani?"

"Hana kosa. Anafanya kazi."

"Sasa?"

"Kwangu hiyo kazi haipo."

Akaweka ungo chini. "Mbwa huyu jirani yangu Ndyamukama ameniomba nikamnyima. Nikawapa ninyi. Leo unamrudisha mchana, watu wanatoka kanisani."

Pale mlangoni pa jiko nikaona mbwa mwingine, jike la manjano, nene, limelala kwenye majivu. Kuku alimpanda mgongoni, akajikuna, akashuka. Mbwa hakufumbua jicho.

"Na huyu?"

"Huyo si mbwa. Ngedere walikula ndizi mbele yake, anawatazama. Nampa ukoko kwa huruma tu."

"Anabweka?"

"Akiota."

"Nipe huyo."

"Siwezi. Mke wa mwanangu apite Kaisho na takataka hii? Watasema Eustadia ana roho mbaya."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilimweleza ua, nikamweleza ukuta, nikamweleza Vero. Akasema Elpidius atutafutie nyumba inayomtosha mbwa wa maana. Hapo nikachoka.

"Mama, Jumatatu tunatolewa. Ukininyima huyo, jioni mimi na Vero tuko hapa na magodoro. Wanaotoka kanisani wataona hayo pia."

Akatazama barabarani. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitenge kikuukuu.

"Mfunike. Ukiulizwa njiani, hukumtoa kwangu."

Jumatatu Mama Karekezi alitoka na kisu, akasimama mbali. Jike lile lilikuwa limejinyoosha chini ya mikungu. Akalisukuma kwa mguu. Likasogea kidogo, likaendelea kulala.

"Huyu mgonjwa?"

"Mzima."

"Ndivyo alivyo?"

"Ndivyo alivyo."

Akakata kichane chake. "Basi akae."

Nilimtumia Elpidius picha. Akauliza ni aina gani. Sikumjibu, nilikuwa na kazi.

Niliporudi kutoka ofisini mlango ulikuwa wazi, na Vero yuko ndani, sakafuni, na sare ya shule, mgongo wake kwenye ubavu wa mbwa, akisoma kwa sauti. Akaniuliza mbwa huyu kazi yake nini hasa.

Nikamwambia avue sare kwanza.