Pua za Akina Whitlock

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya kanisa la mawe huko Uingereza, na kitabu cha ubatizo kimeketi mlangoni kwenye kigoda, kinajipepea kwa jalada lake.

Sikushangaa. Nilikuwa na shida yangu, na mwenye shida hachagui wa kumwuliza.

Shida yenyewe ni hii. Jumapili hii padri wetu wa Kisauni atasoma majina ya marehemu wote, na kila nyumba hupeleka yake. Nyumba ya mume wangu, marehemu Obadia Whitlock, inaanzia kwa babu yake, mtoto aliyeteremshwa kutoka meli ya watumwa akalelewa misheni. Huko alibatizwa Joseph Whitlock, kwa sababu bibi mmoja wa Uingereza, Hester Whitlock, ndiye aliyemfadhili kwa mbali. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelijua. Obadia alilitafuta mpaka mwisho wake. Akaniambia, "Loisi, babu asiitwe kwa jina la kuazima milele." Nikamwitikia. Sasa ni zamu yangu.

Wifi yangu Tabitha, dada yake Obadia, hana shida hiyo. Yeye anasema wao ni Whitlock kamili, damu ya Uingereza, na ushahidi ni pua.

Basi nikakiamkia kitabu.

"Marahaba," kikasema. "Wewe ni wa parokia hii?"

"Hapana, wa Kisauni."

"Basi hujazaliwa. Nje ya parokia hapazaliwi mtu."

"Nina wajukuu."

"Hongera. Nao hawajazaliwa."

Kikanieleza kwamba ipo njia moja. Mgeni hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na kizuizi kisipopatikana huingia. Nikauliza nitalala wapi wiki zote hizo. Kitabu kikacheka kwa kurasa.

Ninakaa kwenye benchi. Kengele inalia, ni Jumapili. Inalia tena, ni Jumapili nyingine, na mimi sijawahi hata kuvua viatu. Inalia mara ya tatu na sauti inatangaza: "Loisi, mjane, wa Kisauni. Mwenye kujua kizuizi aseme."

Anasimama kondoo, benchi la nyuma.

"Hajavaa sufu," anasema. "Sheria inataka maiti wote wazikwe kwa sufu."

"Mimi si maiti."

"Hujazaliwa, hujafa. Mama, hasa wewe unataka nini?"

Watu wanacheka chini chini. Ninamwambia kondoo kwamba kwetu kuna joto, mtu akizikwa na sufu ataamka. Kondoo anafikiri, kisha anakaa.

Hapo kitabu kikaja kikajifungua mapajani mwangu. Nikaomba kuonyeshwa akina Whitlock, nao wakainuka wote kutoka kwenye wino. Alikuwepo msaga ngano. Walikuwepo mapacha walioandikwa mstari mmoja, hawajaachana tangu siku hiyo na wanagombana. Alikuwepo bibi harusi asiyejua kuandika, aliyetia alama ya msalaba siku ya ndoa, na msalaba wenyewe bado anao begani.

"Jamani, geukeni upande," nikawaambia.

Wakageuka. Nikapita polepole nikitazama pua moja moja. Zilikuwepo ndefu, zilikuwepo za kupinda, na moja ilikuwa imefutika kwa unyevu. Ya Obadia haikuwemo.

"Wifi yako atasemaje?" akauliza msaga ngano, ingawa hatukuwa tumejuana.

"Atanuna. Kisha atakula."

Nikafunua ukurasa, nikajikuta makaburini. Ni makaburi yetu ya Kisauni, ila mvua ni ya Uingereza, nyembamba, haina haraka. Juu ya kaburi moja ameketi bibi wa Kizungu, amezongwa sufu toka shingoni hadi vidoleni, jasho linamchuruzika.

"Bibi Hester?"

"Karibu, mwanangu. Sheria hii ya sufu ilifutwa kabla sijazaliwa, lakini kondoo hawakuambiwa."

Nikamweleza shida yangu. Nikamwuliza babu yake Obadia aliitwa nani na mama yake.

"Mimi nilimwita Joseph."

"Hilo tunalo, bibi."

Akajipangusa jasho kwa ncha ya sufu.

"Kila jioni nilipiga magoti kumwombea Joseph Whitlock," akasema. "Na kila jioni, kwenye foleni ya maombi, mbele yangu palikuwa na mwanamke mwingine. Anamwombea mtoto yule yule, kwa jina jingine. Nikaanza kupiga magoti mapema, nimpite. Nikaomba kabla ya chai. Nikaomba kabla ya kuamka vizuri. Nikifika, yupo."

"Alisema jina gani?"

"Nitakuambia. Ila ninapikika humu."

Nilikuwa nimejitanda leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani. Nikavua ya mabegani nikampa. Akaikunjua, akauliza imeandikwa nini.

"Jirani, shughulika na yako."

Akatazama makaburi ya kushoto, akatazama ya kulia. "Itafaa sana huku," akasema. Kisha akaniinamia sikioni.

"Kandulu," nikasema kwa nguvu, na sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyoniamsha.

Kumekucha. Wifi Tabitha, ambaye tunalala naye chumba kimoja tangu Obadia afariki, alikuwa ameketi kitandani kwake ananitazama.

"Kandulu ni nani?"

"Babu yenu."

"Wifi, umeota tu."

Sikumbishia. Hata mimi niliogopa kumpelekea padri jina la usingizini, likasomwe madhabahuni kama kweli. Nikainuka nijitande. Leso ya kiunoni ilikuwepo. Tukakung'uta shuka. Tukainua godoro. Wifi akapiga magoti akachungulia uvunguni, akatoka na kandambili tu. Dirisha lilikuwa na komeo, mlango tulikuwa tumeufunga kwa ndani. Leso ya mabegani haikuwepo.

"Umeipeleka wapi?"

"Nimempa Bibi Hester. Ana joto."

Wifi akarudi kuketi. Akatazama komeo la dirisha, akanitazama mimi. Kisha akalisema jina, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Kandulu."

Akavua leso yake ya mabegani akanitupia. "Jitande hiyo," akasema. "Tumuwahi padri."